Jiwe la Pembe

Tangu Fundi Assumani, aliyeitwa kuwajengea nyumba mpya ya matofali, alipoleta neno lile nyumbani kwao, mbele ya wageni Mwanvua aliitwa mama Aziza kwa nadra. Mumewe, Faradji, mwuza chumvi na vitambaa hapo Kasongo, alikuwa amepata jina analolipenda zaidi. Kila aliyekuja kukaa barazani aliambiwa, "Huyu muke wangu ndiye jiwe la pembe la nyumba hii."

Mgeni akiuliza maana, Faradji alifurahi zaidi. Alieleza kwamba anayejenga nyumba ya matofali huanza na jiwe moja gumu, lililochongwa sawasawa, akaliweka pembeni, pale kuta mbili zinapokutana. Kuta zote hupimwa kutoka kwenye jiwe hilo. Likikaa vibaya, nyumba nzima inakaa vibaya, na likiondolewa, nyumba inaanguka.

"Basi huyu ndiye huyo," alimalizia, akinyoosha mkono kuelekea uani, ambako Mwanvua alikuwa anapepeta mchele wa wageni hao hao.

Mwanzoni Mwanvua alitabasamu. Baadaye alianza kulifikiria hilo jiwe. Linawekwa chini kabisa, linafukiwa, linakaliwa, na halitoki. Alijaribu kuona sifa yake iko wapi, kwa kuwa hakupenda kumhukumu mumewe haraka, lakini hakuiona.

Alikuwa na sababu ya kutaka kutoka. Aziza, binti yao wa pekee, aliolewa Kabambare na kijana aitwaye Amuri, aliyefanya kazi kwa Atumani, mnunuzi mkubwa wa pembe za ndovu katika mji ule. Sasa Aziza alikuwa na mimba ya pili. Mimba ya kwanza ilikwisha kwa mtoto ambaye hakulia. Siku zile Mwanvua alikuwa ameahidi kwenda, lakini Faradji alikuwa anaezeka upya duka, na duka halikuweza kuezekwa bila Mwanvua. Alipofika Kabambare, udongo wa kaburi lile dogo ulikuwa umeshakauka. Aziza hakumlaumu. Alimkaribisha, akampa maji ya kunawa, akamwuliza habari za duka.

Mwanvua mwenyewe alimzaa Aziza akiwa ameegemea nguzo ya nyumba. Aliletwa mjini kutoka Uzimba akiwa msichana mdogo, kwa njia ambayo haikuzungumzwa barazani, na mama yake hakumwona tena. Hakupenda kusema mambo hayo. Alisema tu kwamba safari hii atawahi.

Tatizo lilikuwa njia. Miaka ile mwanamke hakwenda Kabambare peke yake. Njia ilipita msituni na katika vijiji vilivyochomwa moto, na watu walitembea na msafara wenye bunduki au hawakutembea kabisa. Kwa hiyo Alimasi, nyapara wa wapagazi wa Atumani, aliposema msafara wake unarudi Kabambare, Mwanvua alifunga mzigo wake siku hiyo hiyo: mkeka, nguo za mtoto, chupa ya mafuta ya mawese, na samaki wakavu wa mto Lualaba ambao Aziza aliwapenda tangu utoto.

Asubuhi ya safari Faradji alimkuta amekaa juu ya mzigo huo.

"Mama Aziza, subiri kidogo," alisema.

"Kidogo cha kwanza kilikwisha. Hiki ni kidogo cha ngapi?"

"Ni jiwe tu. Jiwe likiwekwa, Fatiha ikisomwa, watu wakila, unaondoka. Nani atapika wali wa watu wote hao? Nani anazijua funguo za ghala? Ukiondoka sasa, nyumba inaanguka."

Mwanvua alitazama kiwanja kilichokuwa nyuma yake. Palikuwa na kamba zilizofungwa kwenye vijiti, na chini ya kamba mitaro mitupu.

"Nyumba ipi, baba Aziza? Mimi naona mitaro."

"Nyumba ni mitaro kwanza."

Fundi Assumani alikuwa pale, amekaa juu ya matofali yake. Alikuwa mtu wa Nyangwe, aliyefundishwa ujenzi na fundi mmoja kutoka pwani, na alikuwa na maneno mengi ya pwani kuliko vifaa. "Mimi bila jiwe la pembe siweki tofali hata moja," alisema kwa upole. "Na mawe ya hapa ni mekundu. Ukiyapiga yanamomonyoka kama muhogo mkavu. Kabambare kuna mawe meusi ya mtoni. Hayo ndiyo mawe."

"Basi mimi nakwenda, nalichagua mwenyewe," Mwanvua akasema.

"Na nani atatupikia wakati tunalisubiri?" Faradji aliuliza. Aliuliza kwa moyo safi, kama mtu anayetaka kujua kweli, na hilo ndilo lililomchosha Mwanvua zaidi.

Faradji akamwita Alimasi. Alimasi hakujua kusoma wala hakuona haja. Maneno ya watu aliyabeba kichwani, na alijivuna kwamba hajawahi kupoteza hata moja njiani.

"Mwambie Atumani: Faradji wa Kasongo anakusalimu. Anaomba umpelekee jiwe la pembe, lililo zuri kuliko yote uliyo nayo."

Alimasi alifumba macho akarudia. "Faradji wa Kasongo anakusalimu. Anaomba umpelekee jiwe la pembe, lililo zuri kuliko yote uliyo nayo." Hakuongeza, hakupunguza. Wote waliokuwa barazani walisikia, na hakuna aliyeona kosa.

Msafara ukaondoka. Mwanvua aliufungua mzigo wake ili samaki wasiote ukungu.

Ikaanza siku ya kusubiri jiwe, ikafuata nyingine kama hiyo. Wajenzi hawakujenga, lakini walikula. Fundi alipima mitaro, akapima tena, akaona kamba moja imelegea, akaikaza. Mvua ikanyesha, mitaro ikajaa maji, na vyura wakahamia humo. Bata wa jirani walikuja kuogelea mahali ambapo, kwa maelezo ya Faradji, pangekuwa chumba cha wageni. Jioni Faradji aliwatembeza watu kuzunguka maji hayo. "Hapa ndipo litakapokaa," aliwaambia, akionyesha pembe iliyoelekea Kibla, na watu walitazama matope wakatikisa vichwa kwa heshima.

Mwanvua hakuwa mtu wa kupiga kelele. Hasira yake ilikwenda mikononi. Siku moja alitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu kiasi kwamba Hawa, jirani yake mwenye bata, alisimama kwenye ua akamwuliza, "Leo majani yamekukosea nini?"

"Majani hayana kosa. Natwanga jiwe."

Hawa alicheka. "Mwambie mumeo unaumwa, unakwenda kwa mganga Kabambare."

"Nikiumwa atasema jiwe limepata ufa. Ataniitia fundi."

"Basi mpe jiwe lolote. Mpe hilo lako la kusagia."

"Nilimpa. Fundi alilizunguka kama anayenunua mbuzi, akasema hili ni la kusagia. Nikamwambia najua, nimelisagia miaka yote. Akasema jiwe likishazoea kazi moja halifai kazi nyingine." Mwanvua aliinua mchi. "Ningefanya nini?"

Usiku alihesabu mimba ya Aziza kwa vidole, kisha akaacha kuhesabu, maana hesabu haikumpendeza.

Msafara ulirudi kabla ya adhuhuri, siku ya jua kali. Mbele alikuja Alimasi, na nyuma yake wanaume wawili waliobeba mti mabegani. Katikati ya mti paliningʼinia kitu kizito, kimefungwa kwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Watu waliacha shughuli zao wakaja. Faradji alivaa kanzu safi. Fundi alisimama, akakungʼuta mikono yake, ingawa haikuwa na vumbi.

Mwanvua alipita katikati ya watu wote. "Alimasi, habari za Aziza?"

"Aziza iko nyuma, mama."

"Nyuma wapi? Amekuja?"

"Iko nyuma katika maneno. Kwanza salamu, halafu jiwe, halafu Aziza. Maneno yanatoka kama yalivyoingia. Nikiruka moja, yote yatapotea."

"Jaribu kuruka."

"Siwezi, mama. Unisamehe."

Akafumba macho akaanza. Zilikuja salamu za Atumani, salamu za imamu wa Kabambare, salamu za mtu mmoja aliyewahi kununua chumvi kwa Faradji na kuiona nzuri. Mwanvua aliuma kanga yake. Hatimaye Alimasi alifika kwenye jiwe. "Atumani anasema: nimeshangaa, lakini wewe ni rafiki yangu. Umeomba jiwe la pembe, nami ninalo moja tu. Nakuletea. Tangu litoke hapa siwezi kupima. Pembe zimelala chini, wenye pembe wamelala juu yake, na wanatukana. Litumie kwa haja yako, kisha jiwe la pembe lirudi Kabambare upesi."

Fundi Assumani alichuchumaa, akafungua kitambaa.

Lilikuwa jiwe zuri kweli. Lilikuwa jeusi, laini kwa kushikwa na mikono ya watu, na juu yake palikuwa na pete ya chuma ya kulitundikia. Lilikuwa la mviringo kama boga.

Mtu mmoja kati ya wapagazi, aliyewahi kukaa karibu na mizani ya Atumani, ndiye aliyesema kile ambacho wengine walikuwa wanaanza kukiona. "Hili ni la kupimia pembe za ndovu. Upande huu linakaa jiwe, upande huu inakaa pembe. Kwetu tunaliita jiwe la pembe. Kwani nyinyi mlitaka gani?"

"La pembe," Faradji alisema. "La pembe ya nyumba."

"Nyumba ina pembe?"

"Ina pembe nne," fundi akasema. Aliligeuza jiwe upande huu na upande ule. "Na hili jiwe la pembe halina pembe hata moja."

Hawa, aliyekuwa amekuja kuona, alifunika mdomo kwa mkono. Mwanvua hakucheka. Alimtazama Alimasi, na Alimasi alikuwa bado amefumba macho, kwa sababu maneno yake hayajakwisha.

"Sasa sema ya Aziza," akamwambia.

"Aziza anasema: mwambie mama miguu imevimba. Mwambie wanawake wa hapa wamenishika tumbo, wanasema mwezi huu hautaisha. Mwambie nimetandika mkeka mpya chumbani, na hakuna aliyeukalia." Alimasi akafumbua macho. "Basi. Yamekwisha."

Mwanvua aligeuka kumtafuta mumewe. Faradji alikuwa ameinama juu ya jiwe pamoja na fundi.

"Hatuwezi kulichonga kidogo?" alikuwa anauliza. "Upande mmoja tu?"

"Ukilichonga litakuwa jepesi," fundi akajibu. "Pembe zote za Kabambare zitaonekana nzito kuliko zilivyo. Atumani atakuja hapa na bunduki."

"Basi tumpelekee maneno mengine. Tuseme jiwe la ncha. Au jiwe la upande. Upande ni neno zuri. Na hili likae hapa kwanza mpaka tupate jibu, tusiwachoshe wapagazi bure. Mama Aziza, watu hawa wale nini leo?"

Mwanvua aliingia ndani. Faradji alidhani amekwenda kuchota mchele. Aliporudi alikuwa na mzigo wake kichwani, mkeka juu yake, na mkononi ameshika funguo za ghala.

"Alimasi," alisema, "Atumani alisema nini juu ya jiwe la pembe? Lile la mwisho."

Alimasi akafumba macho. "Jiwe la pembe lirudi Kabambare upesi."

"Rudia."

"Jiwe la pembe lirudi Kabambare upesi."

"Umesikia, baba Aziza? Mbele ya baraza lako lote, mbele ya imamu, mbele ya mwuza samaki, umesema jiwe la pembe ni mimi. Watu hawa ni mashahidi."

"Mama Aziza, ule ni mfano."

"Na mimi nimechoka kuwa mfano." Hakuinua sauti. "Umeniambia nikiondoka nyumba inaanguka. Tazama. Hakuna kitu cha kuanguka hapo, labda bata. Lakini Kabambare kuna nyumba ya mtu, na mtu mwenyewe ana miguu iliyovimba. Mara ya kwanza nilisubiri duka lako. Duka lilisimama, sivyo? Limesimama mpaka leo."

Faradji alitazama kitambaa cheupe kilichokuwa chini, kilichokunjwa kama cha mtoto.

"Wapagazi watapumzika mpaka jua lipoe," alisema. "Halafu mtaondoka. Nitakuongezea mtu mwenye bunduki." Akapokea funguo. Akazitazama kiganjani. "Ya ghala ni ipi?"

"Utaijua kwa kujaribu," Mwanvua akamwambia.

Njiani jiwe liliwachelewesha. Lilikuwa dogo, lakini zito kupita umbo lake, na waliolibeba walibadilishana kila mara. Mwanvua alitembea nyuma yao, kisha kando yao, kisha mbele yao. Palipokuwa na kijito walitafuta pa kuvukia bila kulilowesha, kana kwamba mvua haikuwahi kulinyeshea.

"Alimasi, liache hapa, tutangulie," alisema.

"Siwezi, mama. Atumani alisema lirudi upesi."

"Basi lipeleke upesi."

"Ndiyo tunapeleka."

Kulipopambazuka siku ya mwisho aliwaacha wapumzike, akaendelea na yule mwenye bunduki peke yake. Yule mtu alilalamika kidogo, kisha akaona afadhali kutembea kuliko kusikilizwa akilalamika.

Waliingia Kabambare asubuhi. Kwenye uwanja wa Atumani watu walikuwa wamekaa juu ya pembe zao, wamekunja nyuso, na walipomwona mgeni kutoka njia ya Kasongo walisimama wote kwa pamoja.

"Jiwe liko wapi?"

"Linakuja," Mwanvua akajibu, akapita bila kusimama.

Amuri, mkwewe, alikuwa amesimama mlangoni, mikono haina la kufanya. Alipomwona alisogea pembeni bila kutoa salamu, jambo ambalo siku nyingine lingekuwa utovu wa adabu. Ndani palikuwa na wanawake wawili wazee na mkeka mpya. Aziza alikuwa amepiga magoti juu yake, ameshika kamba iliyofungwa darini, uso umelowa.

"Mama," alisema. "Wewe au maneno yako?"

"Ni mimi."

"Kaa nyuma yangu. Ukuta huu ni wa fito, unacheza nikiuegemea."

Mwanvua aliweka mzigo chini. Hakunawa miguu. Alikaa juu ya mkeka, akakita nyayo zake kwenye udongo, na Aziza akaegemeza mgongo wake juu ya mgongo wa mama yake. Uchungu ulipokuja, Mwanvua aliusikia uzito wote wa binti yake ukimjia, akaupokea. Uliondoka. Ukaja tena mzito zaidi.

"Usisogee, mama."

"Sisogei."

Nje vilisikika vifijo. Jiwe lilikuwa limefika uwanjani. Watu walipiga makofi, mtu akapiga bunduki hewani, na mmoja wa wale wazee alitoka kuwaambia wanyamaze, akarudi akinungʼunika kwamba wanaume wanashangilia jiwe. Muda si mrefu baadaye, katika makelele hayo, mtoto alilia. Alilia kwa hasira, kama aliyecheleweshwa. Aziza alitaka kugeuka amwone, lakini aliendelea kwanza kuegemea pale pale, na Mwanvua hakumharakisha.

Mtoto alikuwa wa kike, na alikuwa ameshapewa jina wakati Alimasi aliporudi tena kutoka Kasongo. Alimkuta Mwanvua anamwogesha. Alisimama kwa adabu, akafumba macho.

"Faradji wa Kasongo anakusalimu. Anasema: ufunguo wa ghala nimeupata, lakini umevunjikia ndani. Anasema fundi bado amekaa. Anasema bata wametaga katika mtaro, naye hana moyo wa kuwaondoa. Anasema: mama Aziza, unarudi lini?"

Mwanvua alimfunika mtoto, akamlaza. Alitoka na Alimasi hadi kando ya mto, akatafuta katika mawe meusi, akaligusa moja kwa mguu, akaliacha, akachagua jingine lenye pande zilizonyooka.

"Mpelekee hili. Mwambie ni jiwe la mahali ukuta unapogeukia. Usitaje pembe hata kidogo."

"Jiwe la mahali ukuta unapogeukia," Alimasi akarudia. "Na mama Aziza anarudi lini?"

"Mwambie Mwanvua hajasema."

Alimasi alisubiri, macho yamefumbwa, neno linalofuata. Mwanvua alikuwa ameshapanda ukingo wa mto, anarudi nyumbani kwa binti yake.